Sentensi Iliyomuua Kijana wa Huruma

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Siku hizi matangazo ya usalama ya kampuni yetu ya ndege hupitia kwangu kwanza, na mtu akiniletea lenye sentensi ya mistari saba, namrudishia papo hapo, na akizubaa atasikia mengine ya ziada. Majuzi kijana mmoja mpya, chuo ametoka juzi, tai bado inamnyonga, aliniletea karatasi kuhusu magurudumu ya ndege. Nikasoma, nikafika katikati, nikawa nimesahau mwanzo ulisema nini. Nikamwuliza, "Sasa hapa mtu afanye nini?" Akaanza kunieleza, vizuri tu, kwa maneno ya kawaida. Nikamwambia, "Si hayo ndiyo uandike?" Akacheka akidhani natania. Nilipoikunja karatasi yake na kuitupa kwenye pipa, alitoka akinung'unika kwamba yule mama wa mizigo ana kichaa.

Sina kichaa. Niliona sentensi ikiua mtu, na kesho yake ikataka kumuua mume wangu.

Tulikuwa tunaishi Huruma, kwenye zile fleti ambazo nguo za jirani wa juu zinakudondokea maji ukianika zako. Mimi nilikuwa karani wa mizani katika kampuni ndogo ya ndege za mizigo, na mume wangu alikuwa nyapara wa wapakiaji hapo hapo. Tulisafirisha miraa, yale majani ya kutafuna. Miraa haina subira. Ikilala imekufa, na mnunuzi wa ng'ambo ya mpaka hataki majani yaliyonyauka. Kwa hiyo ndege ikishafika, kila mtu anakimbia. Rubani hazimi injini zote mbili, kwa sababu kuziwasha tena ni kupoteza muda. Anazima ya kushoto, iliyo upande wa mlango wa mizigo, na ya kulia anaiacha ikizunguka.

Propela ya kushoto ikisimama, mume wangu anapuliza filimbi. Filimbi hiyo ndiyo iliyokuwa sheria. Wapakiaji wote alikuwa amewatoa Huruma, mtaa wetu, wengine ngazi zetu hizo hizo, na mama zao walimjua. Walimwamini kuliko walivyomwamini rubani. Filimbi ikilia, wanachomoka kutoka ghalani na magunia mgongoni, mbio, kwa sababu walikuwa na desturi yao: atakayefika mlangoni wa kwanza ndiye atakayepanda ndani kupanga mzigo. Anakaa kivulini akipokea, na wenzake wanaendelea kubeba juani. Walipigania nafasi hiyo kila siku kwa vicheko na matusi, na kwa miaka hakuna aliyeumia, maana ndege iliegeshwa mkia ukiwa upande wa ghala. Ukitoka ghalani unaifikia kwa nyuma. Propela iko mbele huko, haikuhusu.

Kisha wakaanza kuchimba mtaro wa maji upande wa pili wa uwanja, na ndege zikageuzwa. Sasa pua ndiyo iliyotazama ghala. Tangazo likabandikwa ubaoni, na kila mtu akalitia sahihi. Kutia sahihi kulikuwa kama kunawa mikono kabla ya chai: unapita, unafanya, unaenda kunywa. Ukiuliza maana unaonekana mshamba, na wenzako watakucheka wiki nzima. Nani atauliza?

Siku hiyo jua lilikuwa kali, mchana wa saa nane hivi. Nilikuwa nimesimama karibu na mizani. Ndege ilikuja, ikageuka, ikasimama ikitutazama. Propela ya kushoto ikapungua kasi, nikaanza kuyaona mapanga yake, ikasimama. Ya kulia, haki ya Mungu, huwezi kuiona ikizunguka juani. Unaona hewa tu. Mume wangu akapuliza filimbi.

Kijana aliyeanza mbio ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote, mtoto wa mama anayepika na kuuza githeri chini ya fleti yetu. Alikuwa anacheka. Alikuwa amemsukuma mwenzake mlangoni mwa ghala, akapata nafasi ya kutangulia, na alipoona wenzake wamejazana upande wa mlango alikata upande wa pili, wa ile injini inayozunguka, ili azunguke pua na kuwapita. Nilifungua mdomo. Sijui kama sauti ilitoka.

Injini ilikohoa mara moja tu. Gunia lilipasuka, majani ya miraa yakarushwa juu kama vifaranga waliotawanywa, na yalipoanza kushuka yalikuwa na rangi nyingine. Sitaeleza kilichobaki pale chini. Mwenzake aliyekuwa nyuma alipigwa na kitu kifuani, akakitazama, akaanguka. Rubani alizima injini akatoka akitembea kwa magoti. Mtu mmoja alikuwa anapiga mayowe mfululizo bila kuvuta pumzi, na baada ya muda nikagundua ni mimi.

Mume wangu alikuwa bado ameshika filimbi mdomoni. Wapakiaji walimrukia hapo hapo. Vijana aliowatafutia kazi yeye mwenyewe walimwangusha kwenye lami wakampiga mateke ya mbavu na ya uso, na mmoja alimchapa na mnyororo wa kufungia mizigo. "Umetuitia kifo!" ndicho walichokuwa wanasema. Askari wa geti walipowatoa, meno yake mawili yalikuwa yamebaki chini. Polisi wakamchukua, wakaandika maelezo yake, wakamwachia jioni, wakamwambia asiende mbali.

Asubuhi yake nilimwacha amejifungia ndani, watoto nimewapeleka kwa dada yangu, mtaa wa Komarock, nikaenda ofisini kwa afisa wa usalama. Huyo alikuwa mtu wa makamo, msomi, anaenda kanisani, mtu wa kukusalimia na kuuliza watoto. Nilimkuta amekaa bila kuwasha taa. Hata sikukaa.

"Nimesikia mnaandika kwamba ni kosa la mume wangu," nikamwambia.

"Mama, pole sana. Lakini tangazo lilikuwapo. Lilikataza hiyo filimbi. Mume wako alitia sahihi."

"Lilikataza wapi?"

Akanionyesha ubaoni. Nilisoma. Mimi nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza nilipita, na kazi yangu yote naifanya kwa Kiingereza. Nilisoma mara ya kwanza nikatoka mtupu. Mara ya pili nikakutana na ujenzi. Mara ya tatu ndipo nikaona neno lenyewe lilikofichwa, mwisho kabisa, chini. Nikilileta kwa Kiswahili jinsi lilivyokuwa, lilisema hivi: kufuatia mapitio ya mpangilio wa maegesho yaliyofanywa kwa kuzingatia shughuli za ujenzi zinazoendelea, na bila kuathiri taratibu nyinginezo zilizopo, wahusika wote wanafahamishwa kwamba ukaribiaji wa chombo kwa madhumuni ya upakiaji, licha ya ishara yoyote itakayotolewa na wafanyakazi wa ardhini, hautatekelezwa hadi pale ambapo mzunguko wa vifaa vyote vya msukumo utakuwa umethibitishwa kukoma.

Woi! Vifaa vya msukumo! Ndiyo propela hiyo. Ishara ya wafanyakazi wa ardhini ndiyo filimbi ya baba watoto wangu. Kifo kilikuwa kimeandikwa pale, kimevalishwa suti, na hakuna aliyekitambua.

"Niambie kwa mdomo wako," nikasema. "Ulitaka watu wafanye nini?"

"Wasikaribie ndege mpaka propela zote mbili zisimame. Hata wakisikia filimbi."

Alisema hivyo kwa pumzi moja. Hakufikiri hata kidogo. Damu ilinipanda kichwani, nikamshika tai nikamvuta mpaka paji lake likagonga meza. "Mbona hukuandika hivyo? Mbona hukuandika hivyo, mzee? Ulikuwa nayo mdomoni!"

Aliniacha nimshike. "Ningeandika hivyo wakaguzi wangesema nini?" alisema. "Wangeona ni maandishi ya mtoto wa shule. Mimi nilijifunza hivyo. Sote tunaandika hivyo. Nilitaka liwe na heshima."

Heshima! Nilimwachia. Nilitamani kumpiga na ile mashine ya kutobolea karatasi, na ninasema kweli, mkono wangu ulishaigusa. Lakini nikaona alikuwa amevaa shati lile lile la jana, na mbele lilikuwa na matapishi yaliyokauka. Hakuwa amerudi kwake. Nikaling'oa tangazo ubaoni, na pini zake, nikaondoka nalo.

Nilipofika Huruma nilisikia kelele kabla ya kuona watu. Turubai la matanga lilikuwa limetundikwa chini ya fleti, viti vya kukodi vimepangwa, lakini viti vilikuwa vitupu. Watu wote walikuwa ngazini. Wapakiaji walikuwa wamerudi mtaani na hadithi yao, kwamba nyapara alitia sahihi akijua, akapuliza filimbi makusudi ili mzigo usichelewe. Hadithi ilikuwa imepanda na kushuka mtaa mzima tangu alfajiri, na kila aliyeisimulia aliongeza chumvi.

"Toeni huyo msee!"

"Ametumalizia beshte wetu, naye amalizwe!"

Mmoja alikuwa anavingirisha tairi kuelekea ngazini, taratibu, bila haraka, na mwenzake alikuwa na kibuyu cha plastiki ambacho harufu yake niliijua. Nilipanda nikisukuma, nikikanyaga miguu, nikiita jina la Yesu na matusi pamoja. Wakati nafika orofa yetu, mlango wa chuma ulikuwa umeshapinda kwa kugongwa na jiwe la ujenzi. Uliachia. Waliingia watano au sita na nikasikia kabati la vyombo likianguka.

Walimtoa kwa kumburuta miguu. Kichwa chake kilikuwa kinagonga sakafu ya varanda, du, du, du, na mtu alimpiga na ubao wenye msumari, sikio likapasuka. Hakulia. Alikuwa ananitafuta kwa macho. Niliruka mgongoni mwa aliyeshika ubao, nikamng'ata bega mpaka nikasikia chumvi ya damu mdomoni. Alinitupa ukutani. Nikaamka nikaruka tena. Nilipigwa konde la jicho ambalo hata leo likibadilika hali ya hewa linauma.

Pembeni kulikuwa na pipa letu la maji, lenye kifuniko. Nilipanda juu yake, sijui nilipataje nguvu, nikatoa ile karatasi kifuani.

"Mnasema alijua!" nikapiga kelele. "Haya, sikieni alichotia sahihi! Sikieni, halafu mniambie maana, mumchome!"

Nikaanza kusoma kile Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayehubiri sokoni. Wengine walicheka. "Huyu mathe ameingiwa na mapepo," mmoja akasema. Niliendelea. Nilisoma mpaka mwisho.

"Haya, amesema nini?"

"Rudia," akasema aliyeshika ubao.

Nikarudia. Jicho langu lilikuwa linafumba lenyewe. Sasa kelele za karibu zilikuwa zimepungua, zilizobaki zilikuwa za ngazi za chini, za watu wasioona kinachoendelea.

"Si kuna wa chuo hapa?" nikauliza. "Kuna mtu wa chuo kikuu mtaa huu ama mnatudanganya kila Desemba mkija na makoti ya mahafali? Njoo uwaelezee!"

Wakamsukuma mmoja mbele, kijana wa orofa ya pili. Nikampa karatasi. Aliisoma kimya, akaisoma tena. "Inasema kuna ujenzi," alianza. "Halafu… wahusika wafahamu kuhusu maegesho…" Akasimama. Akajikuna shingo. "Ngoja kwanza."

"Tungoje!" nikamfokea. "Mwenzenu hakungoja! Alikuwa na gunia mgongoni! Wewe umesimama hapa na digirii, hakuna injini inayokupigia kelele, na unasema ngoja!"

Hapo aliyenipiga konde akainamisha macho. Alikuwa mmoja wa wapakiaji. "Hata mimi niliitia sahihi," akasema. "Sote tulitia. Nilifikiri ni mambo ya mtaro."

"Na huyu je? Alifikiri nini?" Nikamwonyesha mume wangu pale chini. "Mnafikiri nyapara ana macho mengine?"

Lakini kundi likishapandwa na moto haliponi kwa maneno ya mtu mmoja. Aliyekuwa na kibuyu alikuwa amefika juu, na yeye hakuwa mpakiaji, alikuwa mtu wa kufuata vurugu tu. "Wacha story mob, maneno mengi ya nini," akasema. "Mtu amekufa." Akafungua kifuniko. Petroli ya kwanza ilimwagikia suruali ya mume wangu, na hapo ndipo mume wangu alipoanza kulia.

Watu wakapisha njia ghafla. Mama wa marehemu alikuwa anapanda. Alikuwa amefunga leso kiunoni kwa nguvu, kama mtu anayeenda kulima, miguu mitupu. Nilikuwa nimenunua githeri kwake miaka nenda rudi na sikuwahi kumwona akipandisha sauti. Alimtazama yule wa petroli, akachukua kibuyu mkononi mwake, akakiweka chini kama anavyoweka sufuria. Kisha akachuchumaa mbele ya mume wangu.

"Wewe ndiye uliyemtoa hapa ukampeleka huko," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ukaniambia utamwangalia."

"Ndiyo, mama."

"Karatasi uliielewa?"

Mume wangu alitema damu pembeni ili aweze kujibu. "Hapana, mama. Nilitia sahihi tu. Sikuelewa."

Mama alimpiga kofi. Akampiga jingine. Akampiga ngumi za kifua, za mabega, za kichwa, mikono yote miwili, akimwita mwanawe kwa yale majina ya utotoni ambayo hatukuyajua. Nilishuka kwenye pipa nikitaka kumzuia, nikasimama njiani. Mume wangu hakuinua mkono kujikinga. Mama alimpiga mpaka leso ikafunguka, mpaka sauti ikamkauka. Kisha akainuka, amejishikilia ukutani, akawageukia wale vijana.

"Nimempiga mimi niliyemzaa marehemu," alisema. "Kuna mwingine hapa aliyemzaa? Aje naye apige."

Hakuna aliyekuja. Aliyeshika ubao aliuegemeza ukutani polepole. Wa chuo alinirudishia karatasi yangu bila kunitazama. Wakaanza kushuka mmoja mmoja, na nikasikia tairi likigonga ngazi likirudishwa lilikotoka.

Mama alikaa sakafuni na mgongo wake ukiwa kwenye mlango wetu uliopinda. Nilimletea maji kwenye beseni, akanawa mikono, maji yakawa mekundu. Nilikuwa namfungua mume wangu suruali yenye petroli. Mama akanyoosha mkono akaichukua karatasi pale nilipoiangusha. Aliigeuza huku na huku.

"Ilikuwa inataka kusema nini?" akaniuliza.

"Watu wasikaribie ndege mpaka propela zote mbili zisimame, mama."

"Basi?"

"Basi."

Akaikunjua karatasi gotini. "Lakini huko kazini lazima waandike Kizungu."

"Lazima. Hata hivyo kingetosha cha maneno machache tu."

"Sema nisikie."

Nikamwambia: "Stay back until both propellers stop."

Midomo yake ilisogea ikitafuta maneno, moja moja. Yeye hakuvuka darasa la nne. Akafika la mwisho, akalirudia kwa sauti.

"Stop," alisema. "Hiyo hata mimi naijua."